Maandishi ya Watu Binafsi: Kosa la Jicho, Haki ya Sikio

Mwaka 1965, mjini Élisabethville (Lubumbashi tangu 1966), André Yav alitunga historia ya mji huo kwa niaba ya watumishi wa nyumbani, yaani maboyi. Kazi yake haikupitia shirika lolote la uchapishaji. Johannes Fabian aliitoa pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1990.

Maneno ya Yav huungana na kukatika pasipo kufuata kanuni za Kiswahili sanifu. Msomaji wa haraka huona makosa matupu. Lakini Kalundi Mango alipoyasoma kwa sauti, maana ilijitokeza. Basi andiko hili lina utaratibu wake, nao ni wa masikio.

Mwaka 2008, Jan Blommaert alichambua maandishi mengine ya namna hii: maisha ya Mkongomani mmoja, aliyoyaandika mara tatu kwa Kiswahili cha Shaba, na historia ya Zaire ya mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, iliyo kwa Kifaransa. Kila mmoja ana njia yake. Kuwaweka wote katika fungu moja ni kuwapunja.

Hata jina la toleo la Fabian, «historia kutoka chini», lina walakini. Yav hakujiweka chini. Alisema kama mwenye mji. Kwa hiyo maandishi haya yastahili kusomwa darasani kwa sauti, na mengine yaliyomo masandukuni yatafutwe kabla mchwa hawajayamaliza.