Manowari za angani na historia iliyofichwa katika maumbo yao

Ukitazama kwa makini vita vya angani katika mifululizo ya runinga ya Star Trek, utaona jambo linaloweza kumkera mhandisi yeyote. Meli zinazopigana bega kwa bega chini ya bendera moja hazifanani. Moja ina kisahani kikubwa mbele, shingo ndefu, na mirija miwili ya injini iliyoinuliwa juu kama masikio ya sungura. Nyingine haina shingo kabisa na injini zake zinaning'inia chini ya tumbo. Ya tatu imejikunyata kama kobe. Zote ni za Starfleet, jeshi la Shirikisho la sayari katika karne ya 23 na ya 24. Hivi jeshi lenye uwezo wa kuruka kutoka nyota hadi nyota linashindwaje kuchora meli moja nzuri na kuizalisha mara elfu?

Wengi hulijibu swali hili kwa hesabu za uhandisi. Mimi naliona kuwa swali la fasihi. Umbo la meli katika hadithi hizi hufanya kazi ya kovu usoni mwa mhusika: hutuambia alikopitia kabla hatujamsikia akinena.

Tuanze na istilahi, maana hii ni safu ya lugha. Waingereza huzigawa manowari zao kwa neno lile lile wanalolitumia kwa darasa la shule na tabaka la kijamii. Tukitafsiri "daraja la Miranda", msomaji atadhani ni cheo. Tukisema "tabaka", tutakuwa tumeingiza siasa zisizokuwepo. Napendekeza ukoo. Meli zinazojengwa kwa mchoro mmoja huitwa kwa jina la ile ya kwanza kati yazo, kama vile ukoo unavyobeba jina la babu mwasisi. Waingereza wenyewe husema meli hizo ni dada. "Manowari", neno tulilolichota kwa mabaharia hao hao, ni pana mno kwa kazi hii. Mswahili wa pwani hakuwahi kuridhika na neno moja kwa vyombo vyake. Ngalawa si dau, na dau si jahazi. Anayetaja mtepe, ule uliounganishwa kwa kamba badala ya misumari, ametaja pia zama zake.

Sasa turudi angani. Meli ya kwanza, Enterprise, ilichorwa na Matt Jefferies kwa ajili ya mfululizo ulioanza kuonyeshwa mwaka 1966 (ule uliotupatia Luteni Uhura, ambaye jina lake limetokana na neno letu uhuru). Jefferies aliziweka injini mbali na mwili wa meli kwa sababu alizifikiria kuwa zenye nguvu za kutisha, si vitu vya kulala navyo chumba kimoja. Mwaka 1982, katika filamu ya The Wrath of Khan, ilibidi meli mbili za Starfleet zipigane. Zingefanana, mtazamaji angejuaje nani anampiga nani? Basi ikabuniwa Reliant, yenye injini chini. Inasimuliwa kwamba mchoro wa awali ulikuwa na injini juu, ila mtayarishaji Harve Bennett aliutazama ukiwa kichwa chini miguu juu, akauidhinisha hivyo hivyo. Miaka miwili baadaye ikaja Excelsior, katika filamu ya tatu.

Hapo ndipo ubahili ulipogeuka kuwa msanii. Sanamu za meli hizi zilikuwa ghali kuzijenga na kuzipiga picha. Kwa hiyo mfululizo wa The Next Generation ulipoanza mwaka 1987, sanamu za filamu zilitolewa stoo, zikabandikwa majina mapya, zikarudi kazini. Hadithi ilikuwa imesonga mbele karibu miaka 80, lakini koo za Miranda na Excelsior zilikuwa bado zinalinda mipaka. Katika Deep Space Nine tunaziona zikipelekwa katika vita vya Dominion, zikiteketea moja baada ya nyingine.

Wapo wanaosema, basi jambo limekwisha: sababu ni bajeti, tuache kutafuta maana pasipo na maana. Sikubaliani nao. Chanzo cha kitu si maana yake. Mshairi akichagua neno kwa sababu ya vina, neno hilo likishaingia katika ubeti linawajibika kama maneno mengine yote. Isitoshe, stoo ile ya sanamu ilizaa picha ya kweli kuliko mipango mingi ya makusudi, kwa kuwa majeshi halisi ya majini yako hivyo hivyo. Manowari Missouri ya Marekani ilianza kazi mwaka 1944. Mwaka 1991 ilikuwa katika Ghuba ikirusha makombora ambayo wachoraji wake hawakuwahi kuyaota. Hakuna taifa linalotupa meli zake zote kila mchoro mpya unapotoka. Kila kundi la meli ni mabaki ya hofu za vizazi kadhaa yanayosafiri pamoja.

Hofu hiyo inaonekana wazi zaidi katika Defiant, iliyotokea mwaka 1994 katika Deep Space Nine, na hapa naomba tutulie kidogo. Enterprise ya The Next Generation, ya ukoo wa Galaxy, ilibeba zaidi ya watu 1,000, wakiwemo watoto na shule yao. Ilikuwa meli ya jamii iliyojiamini. Kisha Borg wakaja, wakaharibu meli 39 katika vita vya Wolf 359. Mmoja wa manusura ni Benjamin Sisko, aliyempoteza mkewe ndani ya Saratoga, meli kongwe yenye umbo lile lile la Miranda. Sisko huyo huyo anashiriki kuibuni Defiant: ndogo, haina shingo ya kukatwa, injini zimebanwa mwilini, silaha ni nyingi kupita kimo chake. Haina watoto ndani. Mjane amechora meli isiyo na nafasi ya familia. Hakuna hotuba katika mfululizo mzima inayousema msiba ule vizuri hivyo.

Na Shirikisho linaiitaje? Meli ya kusindikiza! Jeshi linalojiita la wavumbuzi haliwezi kutamka kwamba limejenga chombo cha kuua tu, kwa hiyo linakopa neno la adabu. Jina linakana, umbo linakiri. Mwanafunzi wa isimujamii anayetafuta mfano wa tasfida asiende mbali.

Linganisha na mwaka 2020, mwisho wa msimu wa kwanza wa Star Trek: Picard. Riker anawasili kuokoa jahazi akiwa na kundi kubwa la meli, zote kama zimetoka katika fotokopi. Tarakilishi imefanya kunakili kuwa rahisi, basi wakanakili. Mashabiki walilalamika, na walikuwa na haki: jeshi lile halikuwa na jana. Msimu wa pili, mwaka 2022, ulipoonyesha tena kundi la meli, koo zilikuwa nyingi. Dosari hiyo hiyo naiona katika miswada ya hadithi za kisayansi ninayoletewa. Meli mia mbili, zote "manowari kubwa", na hakuna hata moja iliyozeeka.

Kosa hili halikuanza mwaka 2020. Deep Space Nine yenyewe ilijikwaa hapo ilipokuwa ikikaribia mwisho wake mwaka 1999. Defiant inaangamizwa, na mtazamaji anabaki ameduwaa, maana kilichozama ni kilio cha Sisko chenyewe. Vipindi vichache baadaye analetewa São Paulo, ya ukoo ule ule, umbo lile lile, na kibali cha kuibandika jina la marehemu. Anaingia, anaketi, vita vinaendelea.