Mikwaju 64 ya Vipingo

Huku Mbangala, ukisema umekesha ukimshangilia Mjerumani, utaulizwa kafunga mabao mangapi. Uwanja wa gofu hatuna. Ardhi yetu watu wanaichimba kutafuta dhahabu. Nyasi zikiota, ni za mbuzi. Ila mtandao ukishika, simu inakupeleka popote, na mchezaji ninayemfuatilia kuliko hata wale wa Ligi Kuu ni mcheza gofu Esther Henseleit, mzaliwa wa Varel, kaskazini mwa Ujerumani, mwaka 1999.

Jina lake lilikomaa kwenye pwani ya Waswahili. Desemba 2019, Vipingo Ridge huko Kilifi ilikuwa mwenyeji wa Magical Kenya Ladies Open kwa mara ya kwanza, mashindano ya kufunga msimu wa ziara ya gofu ya wanawake wa Ulaya. Henseleit alikuwa na miaka 20, tena mgeni katika ziara hiyo. Siku ya mwisho aliamka akiwa nyuma kwa mbali. Akacheza mikwaju 64 kwenye uwanja ambao kiwango chake ni 72, akaweka rekodi ya uwanja na kumpita Aditi Ashok wa India kwa mkwaju mmoja. Msimu ukaisha akiwa kinara wa Ulaya na mgeni bora kwa pamoja, jambo ambalo Laura Davies na Carlota Ciganda waliwahi kulifanya kabla yake.

Asiyeujua mchezo atadhani 64 ni siku ya bahati. Mimi naona kazi ya mikono. Desemba pale Kilifi huvuma kaskazi, na uwanja huo, uitwao Baobab, uko juu kwenye mwinuko, unatazama bahari. Mchezaji mchanga akikutana na upepo wa mbele huongeza nguvu, na hapo ndipo anapojiponza: mpira uliopigwa kwa nguvu huzunguka zaidi, na kule kuzunguka ndiko kunakouinua juu, upepo ukaupokea na kuurudisha. Fundi huchukua fimbo ya kufika mbali zaidi, akaishika chini kidogo, akazungusha mikono nusu na robo, polepole. Mpira unapita chini ya upepo kama ndege anayewahi kiota. Ukiutazama unaona kama hakujitahidi, na ndiyo sababu televisheni haina subira na mikwaju ya aina hiyo.

Kisha kuna grini, sehemu ya nyasi fupi inayozunguka shimo. Nyasi za nchi za joto hulala upande mmoja. Ukichuchumaa nyuma ya mpira, sehemu inayong'aa ina maana nyasi zimelala kuelekea shimoni, mpira utakimbia. Ikionekana nyeusi, zinakuelekea wewe, uongeze mkono. Aliyekulia kwenye nyasi za kaskazini mwa Ujerumani hakuzaliwa na elimu hiyo. Ameisoma, au amemsikiliza kedi, mbeba fimbo wake, anayeijua, na kumsikiliza kedi nako ni ufundi (wapo mabingwa wasiouweza).

Kwenye Olimpiki ya Paris, Agosti 2024, dunia nzima ilimwona. Pale Le Golf National alicheza 66 katika raundi ya mwisho, akiokoa mkwaju mmoja chini ya kiwango kwenye shimo la 17 na mwingine kwenye la 18. Pengo kati yake na Lydia Ko wa New Zealand likabaki mkwaju mmoja, naye hakuwa na la kufanya tena ila kungoja. Ko akamaliza shimo la 18 kwa kuokoa mkwaju, akachukua dhahabu. Henseleit akapata fedha, medali ya kwanza ya Ujerumani katika gofu ya Olimpiki.

Hata hivyo, mimi siiweki fedha ile juu kabisa. Juu naweka Februari 2022, aliporudi Vipingo kulitetea taji lake na kulichukua tena. Mara ya kwanza alitokea nyuma, hakuna aliyemtazama. Safari hii kila mpinzani alijua jina lake, kaskazi ilikuwa bado inavuma, na mbinu zake alizokuja nazo zilikuwa zimeshaonekana na wote. Ukipata picha za raundi hizo, acha mikwaju inayopigiwa makofi. Tazama ile inayotua katikati ya grini, mbali kidogo na bendera.