Rafiki, Shoga, Mke: Msamiati wa Kiswahili katika Mjadala wa Sheria na Ndoa za Jinsia Moja

Tarehe 18 Desemba 2023 Vatikani ilitoa tamko linaloitwa Fiducia supplicans. Tamko hilo liliwaruhusu mapadri kuwapa baraka fupi, nje ya ibada, watu wawili wanaoishi pamoja pasipo ndoa inayotambuliwa na Kanisa, wakiwamo wawili wa jinsia moja. Na papo hapo likaonya kwamba baraka hiyo si ndoa, wala isivikwe sura ya ndoa. Habari ilipofika huku kwetu Kikula ilikuwa imekwisha kufupishwa: Papa ameruhusu wanaume waoane. Tarehe 11 Januari 2024 Kardinali Fridolin Ambongo wa Kinshasa, kwa niaba ya mabaraza ya maaskofu wa Afrika na Madagaska, alitangaza kwamba makanisa yao hayataona inafaa kutoa baraka hizo kwa wawili wa jinsia moja, na wengi waliokuwa wamefadhaika wakatulia. Walitulia, lakini walichokuwa wakikihofia hakikuwa kimetokea.

Si haki kusema kwamba watu hawakusikiliza. Walisikiliza kwa Kiswahili. Katika Kiswahili cha Katanga, kama ilivyo mahali pengi pengine, "kubariki ndoa" ndiyo namna ya kawaida ya kuitaja arusi ya kanisani: mahari imekwisha kulipwa, watu wameandikishwa komini, sasa wanabarikiwa. Anayesema kwamba fulani na fulani "wamebarikiwa" amekwisha kusema kwamba wamefunga ndoa mbele ya madhabahu, wala hakuna amwulizaye zaidi. Basi mtangazaji aliyetafsiri kwamba watu wa jinsia moja "watabarikiwa" alitafsiri kila neno sawasawa, na maana ikampita. Ingetosha kusema kwamba padri ameruhusiwa "kuwaombea". Neno hilo lipo, ni la kila siku, na hakuna mtu Kikula anayedhani kwamba mgonjwa aliyeombewa amefunga ndoa.

Tumeanza na mfano huu kwa sababu unaonyesha mapema hoja ya makala haya. Makala hayakusudii kuamua kama ndoa ya watu wa jinsia moja ni halali au haramu; wako wanaolijadili hilo kwa elimu ambayo mwandishi hana. Tunachokihakiki ni lugha. Tunadai kwamba Kiswahili kinavyotumika katika mjadala huu, redioni, mimbarini, bungeni na hata katika maandishi ya watetezi wa haki, kimeyafunga katika neno moja maswali manne ambayo sheria huyatenga: mtu ni nani, ametenda nini, anaweza kufunga ndoa na nani, na je, anaweza kunyimwa kazi, nyumba au matibabu kwa sababu hiyo. Neno lenyewe ni "ushoga".

Kwa msomaji wa pwani neno hili lina historia ambayo sisi wa Katanga hatukuirithi. Shoga, kwa asili ya matumizi yake, ni mwanamke rafiki wa mwanamke mwenzake. Ni neno la kuitana, la mapenzi na la siri za nyumbani. Bado linasikika hivyo Unguja na Mombasa, na msikilizaji wa taarabu hahitaji kufafanuliwa. Kutoka hapo, kwa dhihaka, likahamia kwa mwanamume aliyeonekana kuwa na tabia za kike, na kutoka kwa mtu huyo likatengenezwa jina la dhahania, ushoga, ambalo leo linabeba kila kitu: tabia, tendo, mapenzi, ndoa, hata kampeni ya kisiasa. Huku Likasi wanawake marafiki hawaitani shoga. Huitana dada, au mama fulani kwa jina la mtoto. Neno lilitufikia kwa redio likiwa tayari limepoteza urafiki wake wote, kama sarafu iliyofutika upande mmoja. Mtaani, hata hivyo, tusi lililotumika zaidi lilikuwa la Kifaransa, "pede", na wanaolitamka wanaamini kwamba ni neno la kwetu.

Maneno mengine si bora. Hanithi, lenye asili ya Kiarabu, linamtaja mwanamume asiye na nguvu za kiume na pia mwanamume anayejiweka kama mwanamke, yaani mgonjwa na mkosaji katika neno moja. Msagaji limejengwa juu ya kitenzi cha kusaga, na linamtaja mwanamke kwa tendo tu, kana kwamba hana moyo wala makazi. Hoja inayorudiwa sana, kwamba jambo hili ni geni kwa sababu lugha zetu hazina jina lake, haisimami mbele ya orodha hii. Lakini hoja ya upande wa pili, kwamba kuwako kwa majina kunathibitisha kwamba wazee walilikubali, nayo haisimami, kwani karibu majina yote ni matusi. Jina huthibitisha tu kwamba watu waliona kitu wakahitaji kukitaja.

Neno linalotutia wasiwasi zaidi ni ulawiti. Limetokana na jina la Luti, na katika matumizi ya kidini lilitaja tendo kati ya wanaume bila kujali hiari. Katika magazeti ya Tanzania, hata hivyo, "kulawiti" limekuwa kitenzi cha kawaida cha kuripoti mtoto wa kiume aliyebakwa. Msomaji akikutana na neno hilo mara mia katika habari za watoto walioharibiwa, kisha akalikuta mara ya mia na moja katika habari ya watu wazima wawili walioafikiana, hawezi kuisoma habari ya pili bila kuona sura ya mtoto. Hapa si suala la adabu ya maneno. Mtoto anapoteza jina la jinai aliyotendewa, ambayo ni ubakaji. Na watu wazima wawili wanavikwa jinai ambayo hawakuitenda. Sheria yetu ya Kongo ya tarehe 20 Julai 2006 kuhusu ukatili wa kingono ilikuwa makini kuliko waandishi wa habari: iliufafanua ubakaji kwa namna inayomhusu aliyetendewa, awe mwanamume au mwanamke, ikaweka umri wa miaka 18, na haikuhitaji neno lolote la Luti.

Tuiangalie sheria yenyewe basi. Kanuni ya Adhabu ya Kongo, ambayo msingi wake ni amri ya tarehe 30 Januari 1940, haikuweka kosa linalotaja uhusiano wa hiari wa watu wazima wa jinsia moja. Waliosumbuliwa walisumbuliwa kwa kifungu cha kuchafua maadili hadharani. Mwaka 2010 lililetwa bungeni pendekezo la kuadhibu vitendo vya ngono "vilivyo kinyume cha maumbile", likiwaweka watu hao pamoja na wanaoingilia wanyama. Mwaka 2013 likaja jingine. Hayakufika kuwa sheria. Kuhusu ndoa, Kanuni ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987 ilizungumza juu ya mwanamume na mwanamke, na Katiba ya 2006, ibara ya 40, ikampa kila mtu haki ya kuoana na mtu amchaguaye wa jinsia nyingine. Kuhusu ubaguzi, ibara ya 13 inataja dini, asili ya familia, hali ya kijamii, makazi, maoni, kabila, na kuwa katika jamii ndogo ya kiutamaduni au ya kilugha. Jambo letu halimo.

Yako hapo majibu matatu tofauti: tendo halikutajwa, ndoa imefungiwa mlango, ubaguzi umeachwa kimya. Sasa tutafsiri yote kwa sentensi tunayoisikia kila siku, "Kongo ushoga umekatazwa na sheria". Sentensi hiyo ni kweli kwa ndoa, si kweli kwa tendo, na kuhusu ubaguzi haina maana yoyote. Mwenye nyumba anayemtupia mpangaji vyombo barabarani anaisema kwa sauti, na majirani wanaamini kwamba wanashuhudia sheria ikitekelezwa. Mtu anaweza kuikataa kabisa ndoa ya jinsia moja na bado akaona kwamba kumnyima mpangaji huyo dari ni jambo jingine. Lakini hawezi kuliona iwapo lugha anayofikiria kwayo haimpi maneno mawili.

Kenya inatupa mfano wa wazi zaidi, tena unaomhusu mwanaisimu moja kwa moja. Tarehe 24 Februari 2023 Mahakama ya Juu, kwa majaji watatu dhidi ya wawili, iliamua kwamba ilikuwa ubaguzi kukataa kuandikisha shirika la kutetea watu hao. Ugomvi mkubwa ulikuwa juu ya neno dogo. Ibara ya 27 ya Katiba ya Kenya inakataza ubaguzi kwa msingi wowote, kisha inaorodhesha misingi, na orodha inatanguliwa na neno lenye maana ya "ikiwa ni pamoja na". Je, orodha imefungwa au iko wazi? Majaji walio wengi walisema iko wazi. Mwalimu wa Kiswahili angeweza kuonyesha darasani tofauti hiyo kwa dakika tano: "yaani" hufunga, "kama vile" na "ikiwa ni pamoja na" hufungua. Barabarani, hata hivyo, uamuzi huo ulielezwa kuwa mahakama imehalalisha ushoga. Haikufanya hivyo. Vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, ambavyo Mahakama Kuu ilivithibitisha tarehe 24 Mei 2019, havikuguswa. Aidha ibara ya 45 ya Katiba hiyohiyo inampa mtu mzima haki ya ndoa na mtu wa jinsia nyingine. Uganda ilikwenda njia nyingine: marekebisho ya Katiba ya 2005 yalipiga marufuku ndoa hiyo kwa sentensi ya moja kwa moja, na sheria ya Mei 2023 ikaadhibu tendo hadi kifungo cha maisha, na kifo katika hali zilizoitwa mbaya zaidi. Ukitumia "ushoga" kwa nchi hizi zote, Kongo, Kenya na Uganda zinakuwa nchi moja.

Tukija kwenye ndoa, Kiswahili kina hazina ambayo wajadili hawaitazami. Viwakilishi vyetu havina jinsia: yeye, mwenzi, mchumba, mpenzi, yeyote aweza kuwa yeyote. Jinsia tumeificha katika kauli ya kitenzi. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa, wote wawili huoana. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atasema kwamba mtenda ni mwenye mwili wa kiume. Lakini mwanamume anayekaa nyumbani kwa mkewe na kulishwa naye husemwa "ameolewa", na kicheko kinachofuata kinaonyesha kwamba kitenzi kinapima mamlaka na mali zaidi ya maumbile. Kwa Wakuria wa Tarime desturi ya nyumba ntobhu humruhusu mwanamke asiye na mtoto wa kiume kulipa mahari na kumwoa mwanamke mdogo, ambaye watoto wake watakuwa wa ukoo wa mlipaji. Na waandishi wa Kiswahili huandika bila kusita kwamba mwanamke "ameoa". Mwaka 2011 Mahakama Kuu mjini Mombasa iliitambua ndoa ya aina hiyo ya Wanandi katika shauri la urithi.

Tusivutwe mbali na mfano huo. Nyumba ntobhu si mapenzi ya wanawake wawili. Mwanamke mdogo huwa na mwanamume wa kuzaa naye, na jambo lenyewe ni la ukoo na ng'ombe. Watetezi wanaoileta kama ushahidi wa mapenzi wanaipotosha, na wapinzani wanaodai kwamba Afrika haikujua kamwe ndoa ya wanawake wawili nao wanaipuuza. Inachothibitisha ni kwamba sarufi ya "kuoa" iliwahi kumpokea mtenda wa kike bila lugha kuvunjika.

Watetezi nao wana deni. Maandishi yao ya Kiswahili yamejaa herufi za Kiingereza zisizotafsirika na maneno kama "wachache wa kijinsia", ambayo mama wa sokoni Kikula angedhani ni hesabu ya wasichana darasani. Afadhali msanii. Filamu ya Wanuri Kahiu ya mwaka 2018, inayosimulia mapenzi ya wasichana wawili wa Nairobi, ilipewa jina Rafiki. Bodi ya filamu ya Kenya iliipiga marufuku Aprili mwaka huo, na Septemba mahakama ikaruhusu ionyeshwe kwa siku saba. Jina hilo ni uchaguzi wa mtu anayeijua lugha: ndilo neno ambalo wawili kama hao hulazimika kulitumia mbele ya wazazi, na halidanganyi wala halisemi yote. Inafaa kukumbuka kwamba shoga nalo lilikuwa rafiki kabla halijawa tusi.

Ibara ya 142 ya Katiba yetu inaitaka serikali kuieneza kila sheria kwa Kifaransa na kwa lugha zote nne za taifa katika siku 60 tangu kutiwa sahihi. Siku pendekezo jingine litakapopita, au litakapoanguka, kuna mtu atakayeketi kuandika maandishi yake ya Kiswahili, na huenda akawa amesomea katika mojawapo ya idara zetu. Tungemshauri asiandike "ushoga" popote ndani ya sheria, kwa kuwa halitaji tendo linaloweza kuthibitishwa. "Ulawiti" aliachie historia, na mtoto aandikiwe ubakaji. "Jinsia" nayo aieleze, maana huku kwetu ni neno la vitabu. Kwa mwanafunzi anayetafuta mada ya kazi yake ya mwisho, bado hatujaona utafiti uliolinganisha tafsiri za Kiswahili za ibara ya 13 na ya 40 na namna wasikilizaji wa Kikula, Panda na Shituru wanavyozieleza wakiulizwa kwa maneno yao wenyewe.