Mcheza kwao: Tahakiki ya Warsha, Tamasha na Ushirikiano wa Kisanaa Mtwara na Pwani ya Maingilio ya Mto Ruvuma

1.0 Utangulizi

Matamasha ya dansi ya kisasa yanayotanguliwa na warsha ya mafunzo na kuhitimishwa kwa kazi za ushirikiano yamezoeleka Ulaya kuwa shughuli za majira ya joto, shule na vyuo vinapofungwa. Mfumo huo unapoletwa kusini mashariki mwa Tanzania hukutana na kipupwe. Kati ya Juni na Septemba mavuno ya nafaka yamekwisha, korosho bado hazijaanza kuokotwa kwa wingi, na kaya nyingi za Newala, Tandahimba, Masasi na Mtwara Vijijini huwa na chakula na nafasi. Huo ndio msimu wa jando na unyago. Tamasha linaloandaliwa wakati huo haliingii katika kalenda tupu. Linaingia katika msimu ambao tayari una walimu wake, wanafunzi wake, hadhira yake na malipo yake.

Tahakiki hii haichunguzi onesho moja. Inachunguza dhana inayoongoza ushirikiano kati ya wacheza dansi ya kisasa na vikundi vya ngoma vya ukanda huu, yaani dhana kwamba kijiji hutoa jadi na mgeni huleta ubunifu. Hoja ya msingi ni kwamba mgawanyo huo hauungwi mkono na historia ya ngoma za Mtwara, na kwamba ushirikiano unaojengwa juu yake humgeuza mtunzi wa kijijini kuwa malighafi. Ili kuitetea hoja hii, tunapitia msamiati wa uchezaji, historia ya sindimba, sanaa ya midimu na mapiko, na hatimaye suala la ualimu na haki.

2.0 Msamiati wa Uchezaji

Kiswahili hakina jina moja lililokubalika kwa sanaa inayofundishwa katika shule kama MuDa Africa au kuoneshwa katika tamasha la Visa2Dance, vyote vya Dar es Salaam. Neno dansi limebeba historia ya bendi na ukumbi: gitaa, kiingilio, watu wawili wawili. Msikilizaji wa Mtwara anayeambiwa habari za "dansi ya kisasa" anaweza kabisa kutarajia bendi. Neno ngoma nalo ni pana mno, kwani ni chombo, ni wimbo, ni uchezaji na ni shughuli yenyewe.

Upana huo hauna budi kuchukuliwa kama maarifa. Wasemaji husema kwamba mwali amechezwa. Katika kauli hii ya kutendwa, mwali ndiye anayepokea tendo. Jamii inamcheza ili atoke akiwa mtu mwingine. Ngoma hapa hupimwa kwa matokeo yake kwa mtu aliyechezewa kabla ya kupimwa kwa uzuri wake machoni pa mtazamaji. Aidha, methali isemayo mcheza kwao hutunzwa inaeleza uchumi wa jambo hilo: tuzo hutoka kwa watu wanaomfahamu mchezaji, wanaojua alichokosea na alichoongeza. Mchezaji anapohamishiwa jukwaani, mbele ya waamuzi na wafadhili, tuzo inaweza kuongezeka kwa thamani ya fedha huku ikipoteza uwezo wa kuhukumu. Mtu asiyejua ngoma hiyo ilikuwaje mwaka jana hawezi kutambua kilicho kipya ndani yake.

3.0 Fundisho la Sindimba

Hatari ya kuitenga ngoma na wanaoihukumu si ya kinadharia tu. Sindimba ya Wamakonde ndiyo mfano wake ulio wazi zaidi nchini. Katika hotuba yake ya Desemba 1962, alipokuwa Rais wa Jamhuri, Julius Nyerere alilalamikia hali ya vijana kujua dansi za kigeni kuliko ngoma za kwao, akatangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Kikundi cha taifa cha ngoma kilichoundwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 kilikusanya ngoma za makabila mbalimbali na kuzifanya mali ya taifa zima. Kikundi hicho kilipovunjwa, baadhi ya wasanii wake walikuwa miongoni mwa walimu wa Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilichoanzishwa mwaka 1981, ambacho leo ni TaSUBa. Kwa njia hiyo sindimba iliingia katika mitaala, mashuleni na katika mapokezi ya viongozi.

Laura Edmondson (2007) ameonesha namna uchezaji wa viuno katika sindimba ulivyozua mvutano kati ya heshima ya taifa na mvuto wa jukwaa. Kwa madhumuni ya tahakiki hii, jambo la kuzingatia ni umbo. Ngoma iliyochezwa kwa saa nyingi ilifupishwa ikawa ya dakika chache. Wachezaji walipangwa wakielekea upande mmoja, ule wa wageni waalikwa. Nyimbo zilizojibu matukio ya kijiji zikawa nyimbo zisizobadilika. Mabadiliko haya yalikuwa utunzi kamili wa jukwaani, lakini hayakutajwa kuwa utunzi. Yaliitwa uhifadhi. Matokeo yake ni kwamba sindimba ya jukwaani ilienea nchi nzima bila jina la mtunzi yeyote, na watu wa Newala wakaoneshwa ngoma yao wakiwa watazamaji.

Tamasha la MaKuYa, linaloandaliwa Mtwara na asasi ya ADEA, lilikuja na jibu tofauti. Jina lake limeundwa kwa silabi zilizotolewa katika majina Makonde, Makua na Yao, na shabaha yake ni kuwapa jukwaa wasanii wa ngoma za jadi wa kusini mashariki mwa Tanzania katika eneo lao wenyewe. Hatua hiyo ina uzito. Msanii hasafiri hadi Dar es Salaam ili aonekane, na hadhira iliyo mbele yake inaelewa lugha anayoimbia. Hata hivyo, jukwaa la nyumbani haliondoi maswali yote. Orodha ya vikundi, muda wa kila kimoja na nafasi iliyotengwa kati ya mchezaji na mtazamaji bado ni sheria za tamasha, wala si sheria za ngoma. Kadiri tamasha linavyosifu uasili, ndivyo linavyoweza, bila kukusudia, kumzawadia anayerudia na kumtilia shaka anayebuni.

4.0 Midimu, Mapiko na Nadharia ya Upya

Ubunifu, hata hivyo, ni sehemu ya jadi yenyewe. Wembah-Rashid, katika makala yake ya mwaka 1971 kuhusu isinyago na midimu, alieleza sanaa za vinyago vya kuchezwa zinazovuka mpaka wa Tanzania na Msumbiji. Upande wa Msumbiji huitwa mapiko. Mchezaji huvaa kichwa cha mti, mwili ukafunikwa nguo, na miguu yake ikajibizana na ngoma ndogo yenye sauti kali. Mpigaji na mchezaji hutegana, na ustadi hupimwa kwa namna mwili unavyosimama ghafla ngoma inapokata.

Utafiti wa Paolo Israel (2014) kuhusu mapiko ya Msumbiji unatoa ushahidi ulio muhimu zaidi kwa hoja yetu. Anaonesha kwamba sanaa hii ilikua kwa ushindani kati ya vijiji na kati ya vizazi. Kila kundi lililoinuka lilitafuta kinyago, mdundo na hatua ambazo wapinzani hawakuwa nazo. Sura za wakoloni zilichongwa na kuchezwa. Vita vya ukombozi na ujamaa wa baada ya uhuru vikaingia katika nyimbo. Wanawake, waliokuwa wakizuiwa kujua siri ya kinyago, wakaunda mapiko yao. Upya haukuja kuipinga jadi. Ulikuwa sharti la kubaki ndani yake, maana kundi lisilo na jipya lilishindwa.

Beni inathibitisha jambo hilohilo kwa njia nyingine. Terence Ranger (1975) alifuatilia namna vikundi vilivyoiga gwaride na bendi za kijeshi vilivyoanzia pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19 na kuenea Afrika Mashariki pamoja na Vita vya Kwanza vya Dunia. Wachezaji walichukua mwendo wa askari, wakauweka katika mashindano yao na kuutumia kwa malengo yao. Ikiwa dansi ya kisasa ni ile inayotazama wakati wake na kuujibu kwa mwili, basi beni na mapiko vina haki ya kuitwa hivyo kabla ya warsha yoyote kufika Mtwara.

Ubunifu wa namna hiyo una sharti moja: lazima pawe na mpinzani. Hapa ndipo suala la leo linapopata uzito. Mashambulizi katika jimbo la Cabo Delgado tangu mwaka 2017, na hasa lile la Palma la Machi 2021, yaliwatawanya maelfu ya watu; Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, upande wa Tanzania, nacho kilishambuliwa. Mto ambao watu wa Kilambo na Namoto waliuvuka kwa biashara, ndoa na ngoma uligeuka mstari wa hofu. Kinyago kinaweza kubebwa mgongoni na mkimbizi. Kijiji cha kushindana nacho hakibebeki. Ushirikiano wa kisanaa unaotaka kuwa na maana katika pwani hii ungeanza kwa kuuliza namna ya kurudisha mashindano hayo, kabla ya kuuliza ni hatua zipi za mapiko zinazofaa kuingizwa katika kazi mpya.

5.0 Nani Mwalimu?

Katika warsha nyingi za ushirikiano, siku hugawanywa kwa namna inayofichua itikadi. Asubuhi huwa ya mbinu: pumzi, sakafu, uzito wa mwili. Jioni huitwa wazee wa ngoma "kuonesha". Anayefundisha mbinu huitwa mkufunzi. Anayeonesha ngoma huitwa mtoa taarifa au kikundi cha asili. Mgawanyo huo unasahau kwamba unyago ni mafunzo yenye mtaala. Nyakanga na makungwi hupanga hatua kwa utaratibu, hufundisha wimbo pamoja na fumbo lake, humsahihisha mwali papo hapo, na hupokea malipo yanayojulikana. Wana pia kanuni juu ya nani asifundishwe nini. Kanuni hiyo ya siri si kikwazo cha elimu. Ni sehemu ya elimu hiyo.

Mifano miwili kutoka nje ya Tanzania inaonesha kwamba njia nyingine inawezekana. Germaine Acogny wa Senegal alijenga mbinu ya kufundishia iliyotokana na ngoma za Afrika Magharibi, akaifanya msingi wa mafunzo katika shule yake ya Toubab Dialaw. Ngoma hapo ilikuwa chanzo cha mbinu. Faustin Linyekula naye alihamishia kazi za Studios Kabako Kisangani mwaka 2006, mbali na Kinshasa, akichagua kuwa na kituo cha kudumu mahali pasipo soko kubwa la sanaa. Wa kwanza anatufundisha kwamba mwendo wa kijijini unaweza kuwa nadharia. Wa pili anatufundisha kwamba muda ni sehemu ya maadili: warsha ya wiki mbili huchukua, kituo cha miaka mingi kinaweza kurudisha.

Ipo hoja pinzani inayostahili kusikilizwa. Kijana wa Mikindani anayejifunza dansi ya kisasa hupata riziki, safari na lugha ya kuzungumza na wasanii wa nje. Kumtaka abaki na ngoma ya babu yake ni kumfungia mlango. Hoja hii ni ya kweli, na tahakiki hii haidai kinyume chake. Linalodaiwa ni kwamba mlango huo usiwe wa kutokea tu. Kijana aliyefunzwa anapaswa kuweza kurudi na kazi yake kijijini ikahukumiwa na wanaojua.

6.0 Jina na Haki

Sheria haijalimaliza tatizo hili. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inatambua sanaa-jadi kuwa jambo la kulindwa. Lakini vifungu vya mfano vilivyotolewa na UNESCO na Shirika la Miliki Ubunifu Duniani mwaka 1982 viliacha pengo linaloihusu moja kwa moja dansi ya ushirikiano: anayekopa sanaa-jadi ili kutunga kazi yake mwenyewe aliondolewa katika sharti la kuomba idhini na katika sharti la kutaja chanzo. Mantiki ya pengo hilo ni ileile tuliyoipinga, kwamba jadi haina mtunzi na kazi mpya inaye. Pale mwongozaji wa midimu alipobuni mkato wa hatua msimu uliopita, ukopaji huo ni wa kazi ya mtu aliye hai na anayejulikana kijijini kwake.

7.0 Hitimisho

Kutokana na mjadala huu, tunapendekeza vigezo vinne vya kuhakiki ushirikiano wa kisanaa katika ukanda huu. Mosi, je, mjuzi wa ngoma alikuwa na mamlaka ya kusahihisha, au alionesha tu? Pili, je, jina lake limo katika orodha ya watunzi na malipo yake yanalingana na ya wenzake? Tatu, je, siri za jando na unyago ziliheshimiwa hata pale ambapo zingeipendezesha kazi? Nne, je, kazi ilirudi Newala, Masasi au Msimbati ikachezwa mbele ya watu wenye uwezo wa kuikataa?

Kigezo cha nne ndicho kigumu zaidi na ndicho chenye kubainisha zaidi. Kazi inayosifiwa Dar es Salaam au Ulaya imepata watazamaji. Kazi iliyochezwa kwao, ikazomewa au ikatunzwa, imepata wahakiki.