Kabla Goti Halijagusa Sakafu

Sala husifiwa kila mahali, lakini matayarisho yake hayasifiwi na mtu. Tukisikia habari za mcha Mungu aliyesali miaka na miaka bila kuchoka, tunasema kajaliwa huyo, kana kwamba uvumilivu ni kipaji cha kuzaliwa nacho kama sauti nzuri ya kwaya. Huko ni kujitafutia udhuru. Katika sura ya 11 ya Luka, wanafunzi walimwomba Yesu awafundishe kusali, kama Yohane alivyowafundisha wanafunzi wake, hawakuomba wajaliwe. Kinachofundishwa kina mazoea yake na maandalizi yake. Ninachodai ni kwamba tumaini lisilokatika hujengwa kabla goti halijagusa sakafu, na waamini wa Ediofe, palipo kanisa kuu la Jimbo Katoliki la Arua, hawahitaji kwenda mbali kutafuta ushahidi.

Padre Bernardo Sartori, mmisionari Mkomboni aliyezaliwa Italia mwaka 1897, alifika Uganda mwaka 1934 na akazeekea huko. Wengi humkumbuka kwa ujenzi: ndiye aliyejenga kanisa la Bikira Maria Sultana wa Afrika huko Lodonga, lililopewa hadhi ya basilika mwaka 1961. Lakini mauti yalimkuta katika ile kazi yake nyingine, sala. Siku ya Pasaka, tarehe 3 Aprili 1983, alifariki mbele ya tabenakulo katika misheni ya Ombaci, jirani na mji wa Arua. Mzee wa miaka 85 hajikuti mahali hapo kwa bahati. Miguu yake ilikuwa imeizoea njia siku nyingi.

Matayarisho yenyewe ni madogo hata mtu huona haya kuyataja. Somo la kesho huwekewa alama usiku. Simu huzimwa kabisa, si kulazwa kifudifudi huku ikitetemeka. Mtu hukaa kimya kidogo kabla ya ishara ya msalaba, mpaka mabishano ya sokoni yamtoke kichwani, kisha hulitaja jambo analoliomba kwa jina lake, bila kuzungukazunguka. Zito zaidi ni lile la Mathayo sura ya 5: ukikumbuka kwamba ndugu yako ana neno nawe, iache sadaka pale pale altareni, nenda kwanza mkapatane. Hapo ndipo wengi wetu hushindwa, tukaja kulaumu usingizi.

Watakuwapo wa kusema kwamba utaratibu huu huigeuza sala kuwa mazoea makavu, na kwamba moyo ukiguswa husali wenyewe. Ni kweli, moyo ukiguswa husali. Tabu ni siku nyingine zote. Teresa wa Avila, ambaye Kanisa limemtangaza mwalimu wake katika sala, aliandika bila kujificha kwamba kwa miaka kama 18 hakuthubutu kuanza sala bila kitabu mkononi, na kwamba kuna nyakati alitega sikio zaidi kwa mlio wa saa kuliko kwa Mungu, akitamani muda uishe. Hata hivyo aliketi. Wengine watasema Mungu anajua haja zetu kabla hatujafungua kinywa, basi ya nini kujisumbua? Anajua, ndiyo, lakini anayetayarishwa ni mwombaji.

Pingamizi gumu ni la Ombaci yenyewe. Tarehe 24 Juni 1981 askari wa serikali waliwaua raia waliokuwa wamekimbilia ndani ya misheni ile. Bila shaka waliokuwamo walikuwa wakisali, nao walikuwa na kila sababu ya kujiandaa vizuri. Anayehubiri kwamba sala iliyoandaliwa sawasawa hujibiwa kama inavyoombwa, na aende akahubiri hapo kwanza. Mimi siwezi. Ila nikisoma Luka sura ya 18, naona mjane yule wa mfano wa Yesu hakumwendea kadhi kuomba faraja wala usingizi mwororo; aliomba haki dhidi ya adui yake, akarudi tena na tena mpaka kadhi akachoka. Sala ya namna hiyo haimpi mtu ruhusa ya kusahau. Asiye na desturi ya kurudi, jibu likichelewa hunyamaza, na kunyamaza kwake kunafanana mno na kukubali kwamba yaliyotendeka yalikuwa halali. Kwa hiyo maandalizi hayamnunulii mtu jibu. Humwezesha kurudi kesho na dai lile lile, hata akiwa hana hamu. Yesu mwenyewe hakuufunga mfano ule kwa ahadi peke yake. Aliufunga kwa kuuliza kama Mwana wa Adamu atakapokuja ataikuta imani duniani.

Basi, msomaji, usingoje mfungo wala mkesha. Jioni hii chagua saa utakayoiweza hata siku ya gulio, chagua na pembe moja ya nyumba, weka alama kwenye Luka 18, na kama kuna ndugu mliyenuniana, mpitie kwanza.