Hongera kwa Mkusanyaji Aliyesoma

Wapo wanaokusanya vitu vya kale ili wavifungie kabatini. Percival David, aliyezaliwa Bombay mwaka 1892, hakuwa wa kundi hilo. Alikusanya vyombo vya kauri vya China vipatavyo 1,700, kisha akajifunza Kichina hata akatafsiri Gegu Yaolun, kitabu cha karne ya 14 kinachowafunza wapenzi wa vitu vya kale kutofautisha kilicho halisi na kilichoghushiwa.

Fahari ya mkusanyo wake ni mitungi miwili ya buluu na nyeupe, yenye vishikio vya umbo la vichwa vya tembo. Aliipata mmoja mmoja, kutoka kwa wenyewe tofauti, akaikutanisha tena. Shingoni imeandikwa kuwa ilitolewa sadaka hekaluni mwaka 1351. Maandishi hayo yaliwathibitishia wataalamu kwamba ufundi wa kauri za buluu na nyeupe ulikwisha kukomaa enzi ya nasaba ya Yuan, kabla ya nasaba ya Ming. Tarehe hiyo sasa ni kipimo cha kukadiria umri wa kauri za namna hiyo popote zifukuliwapo. Na magofu ya mwambao wetu wa Afrika Mashariki, ya Gedi yakiwemo, yametoa kauri nyingi za China.

Mwaka 1950 David alikikabidhi Chuo Kikuu cha London mkusanyo wake. Tangu 2009 unaonyeshwa British Museum, bila kiingilio.

Huko ndiko kukusanya kunakostahili pongezi. Nawe uliyerithi sahani ya kale, andika ilikotoka kabla wanaojua hawajaondoka.