Vitabu Viwili na Baridi ya Richmond

Mwezi uliopita kijana wangu ametimiza miaka 21. Zawadi aliyoomba haikuwa viatu wala simu. Aliniomba nimsindikize mahakamani akapeleke maombi ya leseni ya kubeba bastola, maana hapa Virginia leseni hiyo hutolewa na mahakama, na umri unaotakiwa ndio huo. Nikamwambia nitakwenda naye, ila kwanza asome vitabu viwili. Akacheka. "Baba, hata bastola nayo ina mtihani wa kusoma?" Nikamjibu kwamba kwa wengine sijui, kwangu upo.

Vitabu vyenyewe ni *This Nonviolent Stuff'll Get You Killed* cha Charles E. Cobb Jr., kilichotoka 2014, na *The Second* cha Carol Anderson, kilichotoka 2021. Nimevirudia vyote viwili, nisije nikampa mtoto kitu ambacho mwenyewe nimeshakisahau. Na niseme mapema: mimi si msomaji asiye na upande. Nina kaduka kadogo. Miaka kadhaa nyuma waliingia vijana wawili usiku, mmoja akaniwekea mtutu shingoni, wakachukua walichochukua wakaenda zao. Polisi walifika baada ya dakika arobaini. Tangu hapo nina bastola na leseni yake, na sijawahi kuona haya kulisema hilo. Tarehe 20 Januari 2020, siku ya Martin Luther King, nilikuwa Richmond kwenye ule mkutano mkubwa wa kutetea haki ya kumiliki silaha. Sikwenda kuandika habari wala kushangaa watu. Nilikwenda kwa sababu nilikuwa upande wao.

Najua kwa wengi wenu mnaosoma haya mkiwa Dar, Mombasa au Bujumbura, neno bunduki linaleta picha ya askari, mlinzi wa benki au jambazi. Hata mimi nilikuja na picha hiyo hiyo. Kwa hiyo acheni nieleze kidogo.

Mwezi Mei 2019, mjini Virginia Beach, mfanyakazi wa manispaa aliua watu 12 katika jengo la manispaa. Novemba mwaka huo chama cha Democratic kikashinda mabaraza yote mawili ya Bunge la jimbo, kikaja na miswada: kila mnunuzi wa silaha achunguzwe, mtu asinunue bastola zaidi ya moja kwa mwezi, na mahakama iweze kumnyang'anya silaha kwa muda mtu anayeonekana hatari. Wilaya na miji zaidi ya mia ikatangaza kupinga. Gavana Ralph Northam akatangaza hali ya dharura, akapiga marufuku silaha katika viwanja vya Bunge. Siku chache kabla, FBI ilikuwa imekamata watu wa kundi la wabaguzi waliohusishwa na mipango ya kuleta vurugu siku hiyo. Kila mtu alikuwa anakumbuka Charlottesville ya 2017. Mke wangu aliniambia wazi: "Wewe nenda, lakini mtoto humchukui." Kijana alikuwa na miaka 15. Nikamwacha.

Inakadiriwa tulikuwa watu 22,000. Kama 6,000 waliingia ndani ya uzio kupitia mlango mmoja wenye mashine za kukagua vyuma. Waliobaki, wengi wao na bunduki zao mabegani, walijaa barabara za nje. Mimi nilibaki nje. Baridi ilikuwa inauma mpaka kwenye meno. Watu walikuwa na vibandiko vya rangi ya chungwa vinavyosema bunduki huokoa maisha, wanapeana kahawa kutoka kwenye chupa za chai, wanaombana radhi wakigongana. Mchana watu walipoanza kutawanyika, niliona wanaume wanaokota takataka. Siku nzima hakukupigwa risasi hata moja. Aliyekamatwa alikuwa mtu mmoja, mwanamke aliyefunika uso. Sheria ya jimbo inakataza kuficha uso hadharani, nayo ilitungwa enzi za kupambana na Ku Klux Klan.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimevimba kichwa. Nilimwambia kila mtu, mmeona? Mlituogopa bure.

Sasa tuje kwenye vitabu, maana ndivyo vilivyonitoa hewa.

Cobb nilimsoma kwanza, miezi michache baada ya Richmond, na nilimpenda kama mtu anavyompenda shahidi wa upande wake mahakamani. Yeye mwenyewe alikuwa mwanaharakati kijana wa SNCC huko Mississippi miaka ya 60, kisha akawa mwandishi wa habari. Hoja yake ni kwamba harakati za haki za watu weusi, zile tunazofundishwa kuwa zilikuwa za kutotumia nguvu tu, zililindwa na bunduki za wakulima. Jina la kitabu limetoka kwa mkulima Hartman Turnbow, ambaye nyumba yake ilirushiwa mabomu ya moto mwaka 1963 baada ya kujaribu kujiandikisha kupiga kura, naye akatoka na bunduki akawafyatulia waliorusha. Tukiliweka jina hilo kwa lugha ya kijiweni ni kama kusema "haya mambo yenu ya upole yatakuja kukuua."

Martin Luther King naye yumo. Mwaka 1956 nyumba yake mjini Montgomery ilipigwa bomu. Aliomba leseni ya kubeba silaha, akanyimwa. Kuna kisa cha mwandishi mmoja aliyekwenda kumtembelea, nusura akalie bastola iliyokuwa imeachwa kwenye kiti. Hebu fikiria: siku ile Richmond wapita njia walitutupia maneno kwamba tunamtukana King kwa kukusanyika siku yake. Kwanza, siku hiyo ni ya mapumziko, na kwa miaka mingi vikundi vya kila aina huitumia kwenda kuonana na wabunge wa Virginia. Pili, kumbe King mwenyewe aliwahi kupanga foleni niliyopanga mimi! Ukurasa huo niliukunja pembe.

Uzuri wa Cobb ni kwamba anawajua watu anaowaandika. Amelala kwenye nyumba zao. Bunduki kwake si falsafa, ni kitu kilichoegemezwa nyuma ya mlango karibu na ufagio. Lakini nikimsoma mara ya pili, naona anavyonibembeleza. Sura zake za mwanzo zinarudi nyuma sana kwenye historia mpaka unasahau ulikuwa unakwenda wapi, na pale anaposimulia Mississippi, bunduki karibu kila mara iko mikononi mwa mtu mwema anayeshambuliwa na mtu mbaya. Bunduki ile ile inayoamua ugomvi wa mume na mke siku ya Jumamosi, au inayookotwa na mtoto, haipewi nafasi. Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake. Cobb anawamba vizuri sana, na mimi nilikuwa nacheza tu bila kuuliza.

Carol Anderson hakuniachia nicheze. Yeye ni profesa wa Chuo Kikuu cha Emory, na anatamka mapema kwamba kitabu chake si cha kutetea bunduki wala cha kuzipinga. Swali lake ni jingine: hii haki ya Marekebisho ya Pili ya Katiba ni ya nani? Anaanza na Philando Castile, aliyekuwa akifanya kazi kwenye jiko la shule huko Minnesota. Julai 2016 alisimamishwa na polisi akiwa kwenye gari na mchumba wake na mtoto mdogo wa huyo mchumba. Castile alikuwa na leseni. Kwa adabu kabisa akamwambia askari kwamba ana silaha. Askari akampiga risasi, akafa. Mwaka uliofuata mahakama ikamwachia huru askari huyo.

Mimi leseni yangu niliichukua mwaka huo huo wa 2016. Nilipofika hapo nikakifunga kitabu, nikatoka nje kusimama kidogo.

Kisha Anderson anarudi nyuma hadi Richmond yenyewe. Mwaka 1788 wajumbe wa Virginia walikutana mjini humo kujadili kama waikubali Katiba mpya, na Patrick Henry akaonya kwamba serikali kuu ikishika wanamgambo, majimbo ya Kusini yatakosa nguvu ya kuzima maasi ya watumwa. Kwa Anderson, hapo ndipo penye mzizi. Silaha zilindwe, kwa sababu kuna watu wanaotakiwa kuendelea kuogopeshwa. Miaka 12 baadaye, mwaka 1800, mhunzi mtumwa aliyeitwa Gabriel alipanga maasi hapo hapo Richmond. Siri ikavuja, akanyongwa yeye na wenzake. Yeye naye alitaka silaha ili awe huru. Jina lake sikuliona kwenye bango lolote siku ile.

Halafu unakuja mwaka 1967. Wanachama wa Black Panther waliingia na bunduki kwenye jengo la Bunge la California. Mwaka huo huo gavana Ronald Reagan akatia saini sheria ya kuzuia kubeba hadharani bunduki yenye risasi. Sisi wa Richmond tulisimama maelfu nje ya Bunge na bunduki, tukaenda nyumbani, tukasifiwa kwa utulivu. Kulikuwa na mzee mmoja mweusi tuliyesimama naye karibu saa nzima. Aliniuliza, kwa sauti ya chini, kama nadhani wangetuacha hivi iwapo umati wote ungekuwa wa rangi yetu. Nilicheka tu siku ile. Anderson ndiye aliyenifanya nilijibu swali la yule mzee, miaka zaidi ya mmoja baadaye.

Simwachii hivi hivi, lakini. Mstari wake kutoka 1788 mpaka 2016 umenyooka kupita kiasi. Wanahistoria wengine wanaona sababu nyingi nyuma ya Marekebisho ya Pili, ikiwemo hofu ya jeshi la kudumu la serikali kuu, na mwandishi anazipita haraka kama mtu anayekimbilia daladala. Pia, kwa sababu anataka kuonyesha jinsi mtu mweusi mwenye silaha anavyoadhibiwa, wakulima wa Cobb wanafifia. Hartman Turnbow aliishi. Bunduki yake ilimsaidia. Hoja ya Anderson haina mahali pazuri pa kumweka mtu kama huyo, na mimi nahitaji mwandishi atakayemweka yeye na Castile kwenye ukurasa mmoja. Bado sijampata.

Kuna jambo ambalo vitabu vyote viwili havikulisema, maana haliwahusu, ila kusoma ndiko kulikonifanya nilione. Kila mwaka, siku ile ile, watu waliopoteza ndugu zao kwa risasi nao huja Richmond kufanya mkesha. Mwaka ule waliufuta, kwa sababu za usalama. Yaani sisi tulikuwa na amani, sawa, silikani. Lakini kuna mama ambaye alibaki nyumbani na picha ya mwanawe kwa sababu sisi tulikuja na bunduki. Utulivu wetu ulikuwa wa kweli, na hofu yake ilikuwa ya kweli, vyote kwa pamoja. Nilipokuwa nikisema "mlituogopa bure," yeye sikumhesabu. Vibandiko vyetu vilisema bunduki huokoa maisha. Ni sentensi fupi, inaingia vizuri kifuani, lakini haina mahali pa kumtia yule mama. Nikiisoma leo kama ninavyosoma vitabu, naona imekatwa kabla haijamaliza kusema.

Je, nimebadilika? Bastola bado ninayo. Ningerudi Richmond? Nadhani ndiyo, ila ningesimama mbali kidogo na uzio, na bunduki ningeiacha nyumbani ili wengine nao wapate kuja. Miswada ile mingi ilipita, gavana akaitia saini Aprili 2020. Ule wa kupiga marufuku bunduki za kivita ulikwama kwenye kamati ya Seneti. Duka langu halikufungwa, na hakuna aliyekuja kuninyang'anya chochote. Hilo nalo lazima nilikiri.

Kijana amemmaliza Cobb kwa siku mbili. Anderson amemchukua wiki nzima, na juzi usiku alikuja jikoni akakiweka kitabu mezani. "Baba, huyu mama anasema leseni yetu sisi ni karatasi tu." Nikamwambia, ndivyo anavyosema. Akauliza kama ni kweli. Nikamwambia ilikuwa kweli kwa Castile, na mimi nimesimamishwa mara tatu barabarani nikafika nyumbani, na sina namna ya kumwambia yeye ataangukia upande gani. Tulikaa kimya kidogo. Kisha tukatoka nje kwenye gari, nikamkalisha nyuma ya usukani, tukafanya mazoezi: mikono ipo wapi, unasema nini kwanza, unangoja nini kabla ya kugusa mfuko.

Jumatatu tunakwenda mahakamani, kwa sababu niliahidi. Kwa wasomaji wenzangu, ushauri wangu ni kwamba ukianza na Cobb, usiishie hapo, na ukianza na Anderson, mtafute Cobb baadaye, usije ukadhani wakulima wale hawakuwahi kushinda usiku hata mmoja.